Manjano kwenye Gunia, Chanjo kwenye Maji

Ingia agroveti yoyote hapa Mombasa, kutoka Kongowea hadi Kiembeni, useme umepokea vifaranga mia wa broila, kuku wa nyama, na unataka vitu vya kuanzia. Utapewa pakiti kabla hujamaliza kueleza. Mbele imeandikwa vitamini kwa herufi kubwa, na picha ya jogoo aliyenona. Igeuze usome nyuma. Mara nyingi, katikati ya vitamini A, D na E, utakuta oksitetrasaiklini au antibiotiki nyingine. Maagizo ya muuzaji nayo ni yale yale: wape siku tano za kwanza, rudia wiki ya tatu, rudia tena ukisikia wanakoroma. Wakati huo hakuna kifaranga hata mmoja aliyeugua.

Mimi nafuga broila Kisauni, na pakiti hiyo haiingii bandani mwangu. Natumia manjano, thomu, mronge, na habasoda pesa ikiruhusu. Kwa hiyo watu huniletea maswali, na linalorudi kuliko yote ni hili: "Mama, viungo vinatibu ugonjwa gani?" Naomba nilijibu kwa urefu, kwa sababu majibu mafupi yameshaua kuku wa watu wengi.

Viungo vinaweza kuchukua nafasi ya ile antibiotiki inayotolewa kila siku kwa kuku wazima. Nafasi ya chanjo haviiwezi. Ya maranda makavu, yale yanayotandikwa chini bandani, haviiwezi. Ya daktari wa mifugo pia haviiwezi. Nitakayoyasema yote yanakaa ndani ya mpaka huo.

Kwanza tujue desturi hii ya antibiotiki ilikotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Thomas Jukes na Robert Stokstad, watafiti wa kampuni ya Lederle kule Marekani, walikuwa wakitafuta chanzo rahisi cha vitamini B12 kwa vifaranga. Wakawalisha mabaki ya uchachushaji uliotumika kutengenezea aureomycin, antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini. Vifaranga wakakua kwa kasi ambayo vitamini peke yake haingeweza kuileta. Chembe za dawa zilizobaki katika yale makapi ndizo zilizokuwa zikiwanenepesha. Habari ikaenea, na ndani ya miaka michache viwanda vya chakula cha mifugo vikaanza kutia antibiotiki kwenye gunia moja kwa moja, kwa dozi ndogo isiyotibu chochote.

Wataalamu bado wanajadiliana jinsi hasa inavyofanya kazi, lakini wengi wanautazama utumbo. Bakteria waliomo humo wanashindana na kuku juu ya chakula, na utumbo unaopambana nao muda wote huvimba na kula nguvu nyingi. Wakipungua, nguvu ile inakwenda kwenye nyama. Kwa mfugaji ambaye karibu theluthi mbili ya gharama zake ni chakula, hilo si jambo dogo, na siwezi kumlaumu aliyeshawishika.

Lakini dozi ndogo ya kila siku haiwaui bakteria wote. Inawabakisha wanaoihimili, na hao ndio wanaozaana. Uswidi ilipiga marufuku vichocheo hivi vya ukuaji mwaka 1986. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kabisa mwezi wa Januari 2006. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kwamba wamepata kwa nguruwe, kwenye nyama dukani na kwa wagonjwa hospitalini kinasaba kiitwacho mcr-1, kinachowapa bakteria usugu dhidi ya kolistini. Kolistini ni dawa ambayo madaktari wa binadamu huiweka akiba kwa mgonjwa aliyeshindikana kwa dawa nyingine, na kule ilikuwa ikilishwa mifugo kwa tani. China ikaipiga marufuku kama kichocheo cha ukuaji mwaka 2017, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza wafugaji wote waache kuwapa wanyama wazima antibiotiki ambazo binadamu anazitegemea. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet yanasema vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu.

Namba hizo zinaonekana za mbali mpaka ufuate kinyesi. Kinyesi cha broila tunakiuza kwa magunia kwa wanaolima mchicha na sukumawiki. Mkono unaonyonyoa kuku ndio unaokata kachumbari. Bakteria E. coli anayekaa kwenye utumbo wa kuku na E. coli anayemletea mwanamke maambukizi ya mkojo wanaweza kupeana vinasaba vya usugu bila kumuuliza mtu ruhusa. Mimi nina wajukuu wanaocheza ua lile lile lenye banda. Ndiyo maana suala hili silichukulii kama mtindo wa mapishi.

Sasa tuje kwenye viungo. Mmea haukimbii. Ukivamiwa na mdudu au kuvu hujitetea kwa kemikali, na kemikali hizo ndizo tunazozijua jikoni kwa harufu na ukali. Karafuu ina yujenoli. Mdalasini una sinamaldehaidi. Manjano yana kurkumini, habasoda ina thaimokwinoni, na thomu ikipondwa hutoa alisini. Oregano, jani ambalo kampuni za Ulaya zimelijengea biashara nzima ya viongezi vya chakula cha kuku, lina karvakroli na thaimoli. Thaimoli hiyo hiyo imejaa kwenye zile mbegu ndogo za ajwain ambazo kina mama hapa mjini huzitafuna mtoto akisokotwa na tumbo. Kemikali hizi nyingi, zikiwa maabara kwenye kisahani, hutoboa ngozi ya bakteria. Ndani ya kuku mambo si mepesi hivyo, ila yapo mambo matatu yanayoonekana mara kwa mara katika majaribio: vimeng'enya vya kusaga chakula huongezeka, bakteria kama E. coli na Clostridium perfringens hupungua kiasi, na utumbo na ini hupata kinga dhidi ya kuchakaa.

Nimesema mara kwa mara, sikusema kila mara. Anayesoma tafiti hizi atakutana na moja inayosema manjano yaliongeza uzito, na ya pili, kwa kiwango kile kile, inayosema hayakubadili kitu. Watu huchukulia hiyo kuwa dalili kwamba mambo haya ni uzushi. Mimi naona sababu mbili za wazi. Ya kwanza: kuku wengi wa majaribio huishi katika nyumba safi, maranda mapya, nafasi ya kutosha, hewa nzuri. Utumbo wao hauna vita, kwa hiyo msaidizi hana kazi ya kufanya. Antibiotiki zenyewe huonyesha faida ndogo kwenye banda safi, na hilo limejulikana kwa miaka mingi. Ya pili ni kiungo chenyewe. Kurkumini kwenye manjano makavu huwa kati ya asilimia 2 na 5 hivi, kutegemea aina, udongo, na jinsi yalivyohifadhiwa. Wafugaji wawili wanaochota kijiko kimoja cha manjano wanaweza kuwa wanatoa dozi zilizopitana mara mbili, na kila mmoja akaamini kafanya alichofanya mwenzake.

Kwa hiyo naanzia soko la Marikiti. Manjano siyanunui ya unga. Nanunua vidole vikavu, vizima, kwa mzee mmoja ambaye nimemzoea.

"Ami, haya ni ya lini?"

"Vunja ujionee, mwanangu."

Nikivunja, ndani pawe rangi ya chungwa iliyokolea na harufu ipande puani. Kilichopauka ndani kimekaa sana, au kimeanikwa juani mpaka kikaisha nguvu. Unga uliokwisha kusagwa una hatari yake: kule Bangladesh, watafiti walikuta wafanyabiashara wakiyapaka manjano rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Risasi ni sumu kwa kuku na kwa anayemla. Kinu cha mtaani kinanisagia kwa pesa kidogo, na naondoka nikijua nilichobeba.

Thomu nayo ina siri yake, na hii naiona ikipotezwa karibu kila banda ninalotembelea. Punje nzima ya thomu haina alisini. Ina kitu kinachoitwa aliini, na kando yake, katika seli nyingine, kimeng'enya. Ukiponda ndipo vinapokutana na alisini ikazaliwa. Moto hukiua kile kimeng'enya. Anayechemsha punje nzima halafu akawamiminia kuku ile supu, anawapa maji yenye harufu. Ponda kwanza, iache dakika kumi hivi, ndipo uchanganye, na uitumie siku hiyo hiyo.

Kuhusu pilipili, nimesikia mabishano mengi: kwamba ni ukatili, kwamba inachoma utumbo wa kifaranga. Kuku haisikii. Ukali wa pilipili ni kapsaisini kugusa kipokezi kimoja kwenye neva, na kipokezi hicho kwa ndege kimeumbwa tofauti kidogo, kapsaisini haikiamshi. Hilo lilithibitishwa mwaka 2002 na maabara ya David Julius, mwanasayansi ambaye mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya vipokezi vya joto na maumivu. Ndege wa porini hula pilipili na kusambaza mbegu zake, huku panya akila mara moja hatarudia. Mimi natia pilipili kavu kidogo sana, kwa sababu ya vimeng'enya vya kusaga chakula, na siwezi kudai inafanya zaidi ya hapo.

Mronge, ambao wengine huuita mlonge, ni wa aina nyingine kabisa. Majani yake makavu yana protini inayofikia robo ya uzito, kwa hiyo ni chakula kuliko kiungo. Watu wakisikia hivyo wanajaza. Majani yana nyuzinyuzi ambazo broila hawazisagi vizuri, na ukipita asilimia 5 ya chakula utaona ukuaji ukirudi nyuma. Mwarobaini ni mkali zaidi. Uchungu wake ukizidi, kuku wanapunguza kula, na broila asiyekula ni hasara ya wazi. Nautumia kwenye vibanda vya kuku wa kienyeji. Kwa broila siupendi.

Kuchanganya ndiko kazi kubwa. Kiwango cha manjano kilichojaribiwa sana ni gramu 5 kwa kilo ya chakula. Gunia la kilo 50 basi linataka gramu 250, zilizopimwa kwenye mizani. Kijiko cha chai si kipimo, wala kiganja. Usizimwage gramu 250 juu ya gunia ukakoroga kwa koleo, maana kuku mmoja atakula dozi ya kumi na mwingine hatapata hata chembe. Anza na kilo mbili za chakula, changanya mpaka rangi iwe moja. Tia hizo kwenye kilo kumi, changanya tena. Hizo kumi zitie kwenye zilizobaki. Kwa chakula cha unga inakubali vizuri. Cha punje kinasumbua: unga wa manjano hushuka chini ya kihori, na kuku wanaacha vumbi la njano mwisho wa siku. Mafuta kidogo ya kupikia, yakinyunyizwa kwenye punje kabla ya kutia manjano, husaidia kushika.

Wale wa Ulaya wamekwenda mbali zaidi. Mafuta ya oregano na mdalasini wanayafunika kwa utando wa mafuta magumu, kwa sababu bila hivyo thaimoli na wenzake hufyonzwa mapema, sehemu ya juu ya utumbo, na hawafiki kule chini kwenye bakteria wengi. Sisi wenye kinu na mizani hatuna teknolojia hiyo. Ni haki kukubali kwamba unga wetu hautafanya kila kinachofanywa na bidhaa zao, hata kama mmea ni ule ule.

Viungo kwenye maji nimeviacha. Joto la hapa halisamehe. Maji yaliyotiwa thomu saa moja asubuhi, kufika adhuhuri yameshakuwa chakula cha bakteria, vyombo vina utelezi, na kuku wanakunywa kile unachojaribu kuwakinga nacho. Asiyekuwa na njia nyingine abadilishe kila baada ya saa chache na asugue chombo kila mara.

Sasa niseme lile linaloniumiza. Jirani yangu, binti wa rika la mwanangu wa pili, alinipigia simu alfajiri moja.

"Mama, kuku wanapinda shingo. Wengine wanazunguka tu pale pale. Nimewapa shubiri na mwarobaini tangu jana."

"Uliwachanja kideri, mwanangu?"

Kimya. Kisha: "Niliambiwa shubiri inatosha, mama. Alisema ni dawa asili."

Alikuwa ameuziwa chupa, na muuzaji alimhakikishia kwamba inatibu kideri. Kabla ya wiki kwisha banda lilikuwa tupu, na mkopo wa chama ukawa bado unamngojea.

Kideri, ule ugonjwa wa Newcastle, unaletwa na kirusi. Hakuna antibiotiki inayoukata, hakuna jani linaloukata, na hakuna daktari anayeutibu. Kinga yake ni chanjo, na chanjo yake inatengenezwa hapa hapa Kenya na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo. Ugonjwa wa Gumboro ni vivyo hivyo. Ulipewa jina la mji mdogo wa Gumboro, jimbo la Delaware, Marekani, ulikogunduliwa, na ukaelezwa kitaalamu mwaka 1962. Kirusi chake hushambulia kifuko cha Fabricius, kiungo cha mwili kilicho karibu na tundu la nyuma la kifaranga, ambamo askari wa kinga yake hufunzwa. Kuku aliyepona Gumboro mapema hubaki bila kinga nzuri dhidi ya kila kitu kingine. Mtu akikuambia thomu inajenga kinga, muulize inajenga kinga gani ikiwa kiwanda cha kinga kimeshabomolewa.

Ratiba ya kawaida ya broila ni kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Daktari wa eneo lako anaweza kuibadili kulingana na magonjwa yaliyopo, na umsikilize yeye kuliko mimi. La kwangu ni kuhusu maji. Chanjo hizi ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na klorini ya bomba inaviua. Wengi wetu Mombasa tunanunua maji ya mikokoteni bila kujua yametoka bombani au kisimani, na yametiwa nini. Yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha, tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu mbili hadi mbili na nusu kwa lita, subiri kidogo, ndipo utie chanjo. Wanyime kuku maji saa moja au mbili kabla, ili wayamalize ndani ya saa mbili. Siku hiyo maji yasiwe na thomu, wala siki, wala shubiri. Mtu anayeua chanjo yake kwa dawa asili amepoteza vyote viwili.

Bibi zetu walitia shubiri na mwarobaini kwenye maji ya kuku, na siwadharau hata kidogo. Lakini kuku wao walikuwa kumi na tano, wakizurura ua mzima, wakila mchwa na makombo, wakilala juu ya mti. Kideri kikipita kijijini kilifagia, na tunaowakumbuka ni wale waliobaki. Broila mia tatu katika chumba kimoja, wanaotakiwa kufika kilo mbili kwa wiki tano au sita, ni maisha mengine. Kuku huyu hana muda wa kuugua akapona. Utumbo wake ukivurugika wiki ya pili, wiki ya tano ndiyo unapima hasara kwenye mizani.

Kuhara damu ni eneo ambalo viungo vinasaidia nusu. Wadudu wake, Eimeria, hutoka na kinyesi wakiwa mayai, na mayai hayo hayaambukizi mpaka yapate unyevu, joto na hewa. Masika ya Aprili na Mei hapa pwani yanavitoa vyote vitatu bure. Oregano na mimea mingine imeonyesha kupunguza vidonda vya utumbo katika majaribio, hata hivyo ukishaona damu kwenye maranda, huo si wakati wa manjano. Ni wakati wa amprolium, dawa ya wadudu hao, kwa dozi ya lebo. Amprolium humdanganya mdudu kwa kujifanya vitamini B1, kwa hiyo usiwape kuku vitamini B kwa wingi siku zile zile, maana unamwokoa mdudu. Na chanzo kitafute chini: chombo kinachovuja, paa linalodondosha, maranda yaliyogandamana. Ukichukua ukufi wa maranda ukaukamata, yanapaswa kuachana unapofungua kiganja. Yakibaki donge, geuza au ondoa siku hiyo.

Joto ndilo adui wa kila siku wa mfugaji wa Mombasa. Broila mkubwa hufurahia nyuzi 18 hadi 24. Februari na Machi sisi tunapita 30 mchana, na unyevu juu yake. Kuku hana tezi za jasho. Hupoa kwa kuhema, na akihema sana hupoteza hewa ya kaboni mpaka damu yake inabadilika. Manjano na habasoda hupunguza madhara ya joto ndani ya seli, hilo limejaribiwa. Lakini makuti yanafanya zaidi. Banda la mabati bila dari lina joto ambalo hakuna kiungo kinachoweza kulipigania. Jenga upande mrefu wa banda ukitoka mashariki kwenda magharibi ili jua lisiingie ndani, acha waya wazi upande wa upepo wa bahari, weka kuku wanane kwa mita mraba badala ya kumi, toa chakula mapema asubuhi na jioni, mchana uwape maji baridi tu.

Na chakula chenyewe. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu ya Aspergillus, nayo hutoa sumu ya aflatoksini. Nchi hii haijasahau mwaka 2004, watu 125 walipokufa Ukambani kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa kuku, kiasi kidogo kisichoua kinaharibu ini na kushusha kinga, na hata chanjo haishiki sawasawa. Kurkumini imeonyesha kulilinda ini kiasi. Haiondoi sumu guniani. Nunua chakula cha muda mfupi, kiinue juu ya mbao mbali na ukuta, na gunia lenye harufu ya uvundo lirudishe dukani.

Watauliza: baada ya yote hayo, manjano yanaleta nini? Nimegawanya banda kwa waya, upande mmoja wenye manjano na thomu, upande wa pili bila, vifaranga wa kundi moja, chakula cha gunia moja, na Ijumaa napima. Tofauti ya uzito si ya kutangazia watu. Kinachonishikilia ni maranda: upande wa viungo kinyesi hutoka kikiwa kimeshikana zaidi, maranda hukaa makavu muda mrefu, harufu ya amonia ni hafifu, na vidonda vya miguuni ni vichache. Hiyo ni banda langu, sijui la kwako. Ila kuku wote hao wanakua bila tetrasaiklini kwenye maji, na hilo ndilo nililolitaka.

Siku nyingine antibiotiki inahitajika kweli. Wakianza kufa, peleka mzoga kwa daktari wa mifugo aupasue, usubiri aseme ni bakteria gani, uwape kuku dawa aliyoiandika kwa siku alizoziandika, umalize. Kisha kuna siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuchinja. Zihesabu tangu dozi ya mwisho, hata kama mama wa bi harusi amekuja na gari na wapishi wa biriani wameshawasha moto. Siku ya harusi yake inanihusu mimi pia, kwa sababu watoto watakula sahani ile.

Zamu hii najaribu ajwain, kwa sababu ya ile thaimoli na kwa sababu bei yake iko chini ya habasoda. Kama unafuga Likoni, Jomvu au Shanzu na una mizani, gawa banda lako mara mbili uniandikie manne: chakula kilicholiwa kila upande, uzito wa wiki ya tano, waliokufa, na hali ya maranda. Aina ya chanjo na tarehe zake uziweke juu kabisa, kabla ya jina la kiungo.